Upana wa Pasi Moja

Jirani yetu wa mlango wa pili, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, anadai kwamba maji yaliyoingia chumbani kwake siku ile yalitoka kwenye beseni langu. Anasimulia hivi. Alikuwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, jua kali, mwezi mzima hata tone la mvua halijaanguka. Akasikia kitu kinagonga mguu wa kitanda, ko, ko, ko. Kuchungulia, ndala yake ya kushoto inaelea. Ya kulia ilishatoka nje, inakwenda zake barabarani bila mwenyewe. Akaifuata mbio. Kufika mlangoni akakuta mtaa mzima ni maji, na juu ya maji kuna povu, na povu lile, anaapa, lilikuwa linanukia sabuni yangu.

"Lilikuwa linatoka kwa dobi linakuja kwangu," anasema, "kama linajua njia."

Ndala alizipata zote mbili. Hilo hasimulii.

Dobi ni mimi. Zamani alikuwa Mama, lakini miguu yake haitaki tena kusimama, kwa hiyo yeye anakaa anakunja na mimi nafua na kupiga pasi. Chumba cha mbele kina meza ya pasi na rafu tatu za nguo safi. Nyuma kuna ua, na kwenye ua kuna mabeseni mawili ya saruji ambayo Baba aliyajenga kabla sijazaliwa, na kamba sita za kuanikia. Tunafua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, na mashati ya wanaume wasiokuwa na mtu wa kuwafulia, au wanaye lakini wamegombana.

Kuhusu povu, Redio hakusema uongo. Siku ile nilikuwa nimeloweka mashuka kumi na manne. Maji yalipanda kwenye mtaro, yakaingia uani kwetu kwanza kwa sababu ua wetu uko chini kuliko barabara, yakanyanyua povu langu na kutoka nalo. Yeye aliuona mwisho wa safari akadhani ndio mwanzo.

Sasa habari ya Redio ikipita masikio kumi inageuka ushahidi. Hii ilipita zaidi ya kumi, ikafika manispaa. Baada ya wiki mbili, asubuhi, akaja afisa wa mitaro. Mtu mpole, hana makelele, shati lake limepigwa pasi na mtu anayeanza kola katikati badala ya pembeni. Tulimwita Bwana Mitaro tangu siku hiyo na sidhani kama jina lake lingine tuliwahi kulijua. Akafunua mfuniko wa mtaro mbele ya mlango wetu, akaingiza fimbo, akaitoa ina nyuzi za nguo zimeshikana kama nywele. Akatuonyesha. Akatoa barua. Siku kumi na nne tuache kufua, la sivyo watayajaza mabeseni saruji.

Mama akamuuliza tangu lini maji ya mabeseni mawili yakajaza mtaa wa milango themanini. Akajibu kwamba maji yetu hayajazi, uchafu wetu ndio unaoziba, na maji mengine yanakosa pa kupita.

Mimi nikamuuliza maji gani hayo mengine, maana mvua hakuna. Nikamwambia yanakuja saa kumi alasiri, siku ambazo mwezi ni mpya au umejaa, yanakaa saa moja na nusu, yanaondoka. Mtaro ulioziba unaujua mwezi?

Hakukasirika. Akatabasamu kama mtu aliyewahi kuwa na swali hilohilo. "Dada, hata mimi nilifikiri ni bahari. Nikaenda gatini, nikasoma daftari la karani. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu: la mwezi uliopita na la miaka thelathini iliyopita, namba ni ileile. Bahari haijapanda hata kidole. Kilichobadilika ni mtaro."

Akapanda pikipiki yake akaenda. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, na mtu akitaja daftari la serikali ulimi wangu unakaa kimya wenyewe. Lakini macho yangu hayakai kimya. Mama husema nikikitazama kitu, nakitazama mpaka kinaona haya.

Nikaitazama rafu yetu ya chini. Mama alipoanza kazi ilikaa sakafuni. Nilipokuwa darasa la tano tuliipandisha juu ya tofali moja, kwa sababu bamvua kubwa la mwaka ule lililowesha makoti ya zahanati. Nilipomaliza la saba ziliwekwa mbili. Leo ni nne. Zamani maji ya barabarani yalikuja mara moja kwa mwaka na watu wakatoka kuyaangalia kama wanaangalia bendi. Mwaka jana nilichora kijistari cha mkaa nyuma ya mlango kila yalipokuja, na vijistari vilikuwa kumi na tisa. Tofali zetu hazikuwa zimesoma daftari la karani.

Saa kumi jioni ile maji yakaja. Bwana Mitaro alishafika ofisini kwake, pakavu. Nikachota ndoo moja barabarani, nikajaza nyingine bombani, nikaziweka mlangoni watu wakiona. Nikamwita Redio.

"Jirani, njoo ufue."

Akauliza afue nini. Nikampa kipande cha sabuni ya mche na kitambaa cheusi, nikamwambia ajaribu ndoo zote mbili. Ya bomba ikatoa povu mpaka viwiko. Ya barabarani akasugua, akasugua, sabuni ikakatika vipandevipande kama maziwa yaliyochachuka, povu hakuna. Akabadilisha mkono kana kwamba kosa ni la mkono. Tukaanika kitambaa. Kilipokauka kilikuwa na mistari myeupe, na hapo kila mwanamke aliyewahi kufua nguo ya mtu wa pwani aliielewa bila kuambiwa.

"Chumvi," akasema mmoja.

"Ni bahari," nikasema. "Mdomo wa mtaro uko ukingoni kule gatini. Maji ya bahari yakiwa juu ya ule mdomo, yanaingia na kurudi kinyumenyume mpaka kwetu. Beseni langu halina mkono mrefu hivyo."

Redio akajifuta mikono. Hakukubali wala hakukataa, ila aliuliza swali ambalo lilininyima usingizi: kama ni bahari, mbona daftari linasema haijapanda?

Kesho yake saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nikaenda gatini na kapu la nguo za karani ili niwe na sababu ya kuwa pale. Gati lina ngazi za mawe zinazoshuka majini. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikioshea miguu kwenye ngazi ya kumi na mbili, ile yenye pete ya chuma, kwa sababu bamvua likipwa lilikuwa linaiacha wazi kabisa. Nikahesabu. Kumi na moja. Nikakaa kungoja maji yapungue zaidi mpaka yakaanza kurudi. Ya kumi na mbili haikutoka.

Hapo nikaelewa kitu. Ni kama sketi: ukiivuta kiunoni, pindo nalo linapanda. Bahari haikuwa imejaa kupita kawaida kwa bahati mbaya siku moja mbili. Imevutwa yote juu, inapojaa na inapokupwa. Na mtaa wetu ni bapa kama sinia. Kwenye sinia, kidole kimoja cha maji ndiyo tofauti ya ukavu na mafuriko. Yale maji ya kawaida ambayo zamani yalikuwa yanaishia chini kidogo ya mdomo wa mtaro, sasa yanaingia.

Karani ni mzee mnyenyekevu, mwandiko wake mzuri kama wa kwenye vyeti. Nilimsalimia, nikampa mashati yake, nikaomba kuliona daftari. Akanipa bila wasiwasi, nadhani alifikiri nataka kuangalia picha. Namba zilikuwa kama alivyosema Bwana Mitaro, mwaka hadi mwaka hazisogei. Ila kando ya namba, kwa miaka mingi, karani alikuwa anaongeza neno moja dogo. Upepo. Bamvua la mwezi wa tatu, upepo. La mwezi wa tisa, upepo. Nikamuuliza upepo gani huu usiokosa siku. Akaeleza kwamba ubao wa kupimia ulikuwa ukisoma juu kidogo kuliko kitabu kilichopigwa chapa, kile kinachotabiri maji yatajaa kiasi gani, na kwa kuwa kitabu hakiwezi kukosea, ziada aliihesabu ni upepo, akaandika namba ya kitabu.

"Na upepo ulikoma lini, mzee wangu?" Maana nilikuwa nimefungua kurasa za mbele, na neno halikuwepo tena.

"Tangu baba yako atupigilie ubao mpya. Miaka sita. Kazi safi, inakubaliana na kitabu kila siku."

Nikashuka kwenda kuutazama ubao wa Baba. Umefungwa kwenye ukuta wa gati kwa bolti mbili za juu na mbili za chini. Kando ya ubao, chini kidogo ya usawa wa bolti za juu, kulikuwa na matundu mawili matupu kwenye jiwe, yana kutu. Sikuwa na futi. Nikapima tofauti ya kimo kwa vidole nikaviweka hivyohivyo, nikatembea mpaka nyumbani mkono mmoja umekunjwa kama nimebeba kikombe kisichoonekana. Nikavilinganisha na pasi yangu. Upana wa pasi, sawasawa.

Baba ni seremala. Ana kibanda chake upande wa pili wa ua na siku ile alikuwa anapiga randa mlango wa mtu. Nikamuuliza habari ya ubao wa gatini. Akafurahi, ubao ule anaupenda, tukipita pale na wageni lazima awaonyeshe. Akaniambia ule wa zamani uling'olewa na mashua, ukawa umeoza nusu ya chini. Akaulaza juu ya mbao mpya, akanakili kila mstari na kila tundu. Siku ya kuufunga ilikuwa ya bamvua. Akauweka kwenye matundu ya zamani, maji yakajaa, karani akasoma, akatikisa kichwa. Fundi, umekosea, umezidi kitabu.

"Ukafanyaje?"

"Nikachukua keekee nikatoboa upya. Nikausogeza kando, nikaupandisha mpaka maji yakasema kama kitabu."

Yeye akaendelea na randa mara mbili, tatu, halafu randa ikasimama katikati ya ubao. Baba si mjinga. Ila hakuwahi kuulizwa.

"Kitabu kimepigwa chapa, mwanangu," akasema. "Mimi nina penseli sikioni."

Nikamweleza yote, ngazi, upepo, tofali, barua. Nikamwambia maji yalikuwa sahihi na yeye alikuwa sahihi mara ya kwanza. Kosa ni kuipindisha futi ili ifanane na jibu. Nikamwomba twende pamoja kwa Bwana Mitaro akayaseme. Akaniambia ana miaka thelathini anatengeneza mbao za gati lile. Akiyasema hayo ataitwa nani? Fundi asiyejua kupima. Akaikung'uta randa, akaangalia pembeni. Mama, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba mabeseni yakijazwa saruji, na yeye ajiandae kuitwa mume wa aliyekuwa dobi.

Jioni, nilipokuwa napiga pasi, Baba akapita akasimama kando ya meza yangu, akanyanyua pembe ya blanketi la pasi. Chini yake, kwenye ubao wa katikati, kulikuwa na mistari na namba zilizofifia. Kile kipande kizima cha juu cha ubao wa zamani hakukitupa. Mbao nzuri haitupwi. Alinitengenezea meza. Miaka sita nilikuwa napiga pasi juu ya namba za kweli bila kujua. Akalirudisha blanketi akaenda kulala.

Siku kumi na nne zote nilifua. Nilifua kuliko mwaka mzima. Kamba za uani zikajaa, nikafunga nyingine kukatisha barabara, na nguo za zahanati zikaning'inia juu ya vichwa vya watu nyeupe kama meno. Wengine walisema nimechanganyikiwa. Redio alisema nina kiburi, na kwa mara ya kwanza nikaona hakutia chumvi.

Aliyehesabu siku za barua hakutazama juu. Kumi na nne toka mwezi mpevu ni mwezi mpya. Bwana Mitaro alikuja saa tisa alasiri na mafundi wawili, mkokoteni wa mchanga, mifuko mitatu ya saruji. Ilibidi ainame kupita chini ya mashuka. Alikuta nimekaa ukingoni mwa beseni, pasi ya baridi iko mapajani.

Akauliza kama niliisoma barua. Nikamjibu niliisoma mara tatu, mwandiko mzuri. Nikamuuliza saruji yao inachukua muda gani kukauka, maana saa kumi bahari itakuwa humu uani na itaichukua mbichi. Mafundi wakatazamana. Mmoja akaangalia juu, akauliza mwezi una siku ngapi leo.

"Gati liko hatua mia tatu," nikamwambia Bwana Mitaro. "Twende, usome ubao mwenyewe. Ukirudi bado unataka kumwaga, nitakuchanganyia mchanga kwa mikono yangu."

Tukaenda, na mtaa nao ukaja, Redio mbele akiwaeleza watu yeye ndiye aliyegundua chumvi. Karani akatoka na daftari kwapani. Maji yalikuwa yanapanda bila wimbi, bila upepo hata wa kutikisa kitambaa. Karani akasoma ubao: mita nne na sentimita kumi. Akafungua kitabu: mita nne na kumi.

"Unaona," akasema Bwana Mitaro, bila kunicheka.

Nikapiga magoti ukingoni, nikaiegemeza pasi ukutani, upande wake wa chini kwenye tundu tupu, wa juu usawa wa bolti ya Baba. Ikaenea. Nikamwambia ubao huu ulikuwa pale, ukahamishiwa hapa. Akasema matundu ni matundu, gati lina matundu mia. Watu wakaanza kunong'ona. Niliihisi pasi ikiwa nzito, na sikuitoa.

Ndipo nikasikia Redio amenyamaza. Hilo lilinifanya nigeuke.

Baba alikuwa anakuja katikati ya watu na ubao begani. Blanketi la pasi lilikuwa bado limepigiliwa upande mmoja, linaburuzika nyuma yake. Alikuwa ameivunja meza yangu. Hakunitazama. Alimsalimia karani, alimsalimia afisa, akashuka ngazi mbili, viatu vikaingia majini.

"Ubao uliopo nimeufunga mimi," akasema. "Na nimeufunga pasipo pake. Niliona maji yamezidi kitabu, nikayakosoa maji." Akamnyooshea afisa upande mmoja wa ubao. "Nishikie hapa, bwana."

Bwana Mitaro akashika. Sijui kama alifikiri; mtu akikupa upande wa ubao unashika. Baba akatoa bolti mbili mfukoni, akazisukuma kwenye matundu ya ubao wa zamani na kuziingiza kwenye matundu ya jiwe, yale yenye kutu. Ziliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Ubao ukakaa wima kando ya mwenzake, na maji yaleyale yakawa yanagusa namba mbili tofauti.

Hakuna aliyemwambia Bwana Mitaro asome. Alisoma mwenyewe, taratibu, midomo ikitembea. "Nne na ishirini na mbili."

Karani akalishusha daftari kutoka kwapani. "Mimi ndiye niliyemwambia afuate kitabu," akasema, kwa sauti ndogo, kama anaongea na daftari. "Na upepo nao ni wangu."

Fundi mmoja wa saruji akapiga mluzi. Redio akasema sasa mnaelewa ndala zangu, na watu wakacheka, lakini kidogo, kwa sababu maji yalikuwa yameshapita ukingo wa ngazi na kuanza kutulowesha nyayo. Bwana Mitaro aliangalia viatu vyake. Halafu akaangalia kule chini, mahali ambapo mdomo wa mtaro ulikuwa umeshazama, na maji juu yake yakizunguka polepole, yakiingia.

Nikasimama. Magoti yangu yalikuwa yamelowa na sauti yangu haikutetemeka, jambo ambalo bado linanishangaza.

"Saruji mnayo, na mafundi mnao," nikasema. "Ule mdomo unahitaji mlango, wa kufunguka maji yakitoka na kujifunga yakitaka kuingia. Baba anaweza kuuchonga. Lakini hamtaujenga mahali ambapo daftari linasema bahari haijapanda. Karani ana kalamu. Bwana afisa, naomba uandike namba uliyoisoma wewe, kwa mkono wako, leo, na neno upepo lisiwepo."

Karani akafungua kalamu, akamnyooshea. Baba alikuwa bado majini, bega kwenye ubao, anamtazama. Mtaa mzima ulikuwa unamtazama. Bwana Mitaro hakuachia upande wake wa ubao, na hakunyoosha mkono kuchukua kalamu. Tukasimama hivyo. Kwenye ubao wa zamani maji yakafika ishirini na tatu.